Siku ya Alisi Mjini Oxford

Wasomaji wa jarida hili watatuwia radhi tukianza kwa kukiri kosa. Tumefundisha Kiswahili katika shule za Kampala kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hatukupata kuwasomea wanafunzi hadithi yoyote bila kuwauliza mwishoni: "Hadithi hii inatufunza nini?" Swali hilo tulilirithi kwa walimu wetu, nao bila shaka walilirithi kwa walimu wao, na katika vitabu vingi vya darasani limepigwa chapa chini ya kila kisa, likifuatwa na vistari vitatu vya kujazia majibu. Hatukuliona kuwa na ubaya wowote. Ilitubidi tuvuke bahari na kusimama mbele ya mwanamke mmoja aliyevaa kilemba kikubwa kupita kiasi, katika mji wa Oxford, ndipo tulipoanza kulitazama swali letu kwa jicho jingine.

Safari yenyewe haikuhusu hadithi hata kidogo. Miaka michache kabla ya maradhi ya korona tulikwenda Uingereza kuhudhuria mafunzo mafupi ya ualimu, tukapangiwa kukaa kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amestaafu kazi ya ukutubi. Siku ya Ijumaa mama huyo alituonya tusijipangie shughuli yoyote kesho yake. "Kesho ni Siku ya Alisi," alisema, kwa namna ambayo mtu humtaja jirani yake. Nasi tukadhani kuna harusi.

Kumbe aliyetajwa ni yule mtoto wa kitabuni, aliyemfuata sungura hata akatumbukia shimoni na kufika katika nchi ya ajabu. Sherehe yake hufanywa Oxford Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai. Tangu mwaka 2007 imekuwa ikiongozwa na jumba la makumbusho ya hadithi liitwalo The Story Museum, lililoko katika mtaa wa Pembroke Street, likisaidiana na vyuo, maktaba na majumba mengine ya makumbusho mjini humo.

Tulipotoka asubuhi tuliwakuta sungura watatu kwenye kituo cha basi. Walikuwa watu wazima, wamevaa vizibao na kuning'iniza saa za mfukoni, nao walikuwa wakinung'unika kwa dhati kwamba basi limechelewa. Mjini mambo yalizidi. Watu walikuwa wamejigeuza karata kwa kujifunga mbao za karatasi ngumu kifuani na mgongoni. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara amevaa masikio na mkia wa paka, anatabasamu tu, hasemi neno. Malkia wa Kopa tuliwahesabu hata wakafika kumi na wanne, kisha tukachoka kuhesabu. Kila mmoja wao alikuwa akiamuru watu wakatwe vichwa, na waliohukumiwa walikuwa wakimshukuru na kumwomba wapige naye picha. Katika mtaa wa St Aldate's watu walipanga foleni nje ya kiduka kidogo ambacho zamani binti Alisi mwenyewe alikuwa akinunua peremende, nacho sasa kinaitwa kwa jina lake. Hatukuthubutu kuingia, maana mlango wake ni mwembamba na bei zake zilikuwa zimebandikwa dirishani.

Hapana budi tueleze asili ya jambo hili, kwa kuwa ni fupi na ni ya kweli. Tarehe 4 Julai mwaka 1862, mwalimu wa hesabu wa chuo cha Christ Church, jina lake Charles Lutwidge Dodgson, alipanda mashua pamoja na rafiki yake, Robinson Duckworth, na mabinti watatu wa mkuu wa chuo hicho: Lorina wa miaka 13, Alice wa miaka 10, na Edith wa miaka 8. Waliondoka Folly Bridge wakaenda hadi Godstow, mwendo wa kilomita tano hivi kwa makasia. Watoto wakataka hadithi, naye mwalimu akaanza kubuni papo hapo, akimtumbukiza Alice shimoni bila kujua atamtoaje. Walioandika juu ya siku ile baadaye waliikumbuka kuwa siku ya jua zuri. Waliochunguza kumbukumbu za hali ya hewa wakasema kwamba kulikuwa na ubaridi na mvua. Sisi tunawaamini watoto.

Binti Alice ndiye aliyemng'ang'ania mwalimu aiandike hadithi ile. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Aliinakili kwa mkono wake, akaichora picha kwa mkono wake, akamkabidhi mwezi wa Novemba mwaka 1864. Mwaka uliofuata ilitoka katika kitabu chenye picha 42 za John Tenniel, mwandishi akitumia jina la Lewis Carroll. Na nakala 2,000 za kwanza ziliondolewa kwa sababu mchoraji hakuridhika na jinsi picha zake zilivyopigwa chapa. Kitabu kile cha mkono kilikuwa na safari zake. Mwaka 1928 Alice, akiwa sasa bibi mjane mwenye haja ya fedha, alikiuza mnadani kwa pauni 15,400, kikaenda Marekani. Mwaka 1948 Wamarekani kadhaa wakachangishana na kukirudisha kwa Waingereza kuwa zawadi, na leo kimo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Tunaongeza jambo moja ambalo walimu wa lugha hawatakosa kulipenda: baba yake Alice, Henry Liddell, ndiye yule aliyetunga pamoja na Robert Scott kamusi kubwa ya Kiyunani ambayo wanafunzi wa lugha hiyo wangali wakiipekua. Nyumba ilikuwa ya maneno.

Jioni hiyo mama mkutubi alitupeleka katika jumba la makumbusho ya viumbe ili tumwone dodo. Katika hadithi dodo ni mwenye kutoa hukumu, na inasemekana mwandishi alijichora mwenyewe katika ndege huyo, kwa kuwa alikuwa na kigugumizi na jina lake Dodgson lilimkwama mdomoni. Palikuwa na watoto wengi wamesongamana mbele ya kabati la kioo. Hatukuwaambia, lakini tulijisikia kuwa na haki fulani juu ya ndege yule, maana alikuwa mtu wa bahari yetu: aliishi kisiwani Mauritius, katika Bahari ya Hindi, na mabaharia pamoja na wanyama waliokuja nao walimmaliza kabla ya karne ya 17 kwisha. Kilichobaki Oxford ni kichwa na mguu. Mchana, uwanjani, watoto walikuwa wamechezeshwa mbio za dodo huyo, ambazo mtu huanza kukimbia apendapo na kuacha apendapo, na mwisho wake wote huwa washindi. Tulijiuliza mkaguzi wa shule angesemaje.

Lakini tumeruka, turudi mchana. Katika ukumbi mmoja palikuwa na mazungumzo ya watu wanaokipenda kitabu hiki kwa namna ya wanachuoni. Watu hao wana vyama vyao: cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, cha Marekani ya Kaskazini mwaka 1974. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015, kitabu kilipotimiza miaka 150, walikusanyika New York kuzungumza juu ya tafsiri tu, wakatoa vitabu vitatu vinene vinavyohesabu lugha 174. Walifanya jambo ambalo lilitustaajabisha: waliwaomba watu wa lugha hizo waichukue sehemu moja, ya karamu ya chai ya wendawazimu, na kuirudisha kwa Kiingereza kutoka tafsiri zao, ili ionekane kila lugha ilipita njia gani ilipofika mahali ambapo maneno yanacheza.

Mezani palikuwa na vitabu vya lugha nyingi. Mama mkutubi akatugeukia akatuuliza, bila nia mbaya yoyote, "Na kwa Kiswahili anaitwaje?"

Hatukujua. Aliyekuwa karibu na meza ndiye aliyemjibu, Mwingereza kijana asiyejua hata salamu za lugha yetu: kwamba anaitwa Elisi, na kwamba *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ilitoka London mwaka 1940 kwa Sheldon Press, mfasiri akiwa E. V. St Lo Conan-Davies. Akatuonyesha picha. Michoro ilifuata ile ya Tenniel, ila Elisi mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiafrika. Kisha akatuambia ipo tafsiri nyingine, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya mwaka 2015, iliyotolewa na Evertype na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari afundishaye chuo kikuu mjini London. Basi mtoto huyu amekuwa akizungumza Kiswahili tangu kabla hatujazaliwa, na sisi tuliojiita walimu wa lugha tulikuwa hatujapata kumwamkia. Tuliitikia kwa kichwa kama watu wanaokumbushwa jambo walilolijua. Huo nao ulikuwa uongo.

Tulipotoka nje tukiwa na haya hiyo moyoni, ndipo tulipokutana na yule mwanamke wa kilemba.

Alikuwa amevaa kama yule bibi mkubwa wa hadithini, mke wa Duke, ambaye katika picha za Tenniel ana kichwa kikubwa na kilemba kikubwa zaidi. Waliosoma kitabu watakumbuka tabia yake: humwegemea Alisi begani kwa kidevu chake chenye ncha, na kila Alisi asemapo neno, yeye hulitafutia funzo, hata kama neno lenyewe na funzo lenyewe hayana undugu. Mwandishi aliwalenga waandishi wa wakati wake, kwani vitabu vya watoto wa Kiingereza vya karne ile vilijaa mawaidha, na beti walizokaririshwa watoto zilikuwa za bidii, utii na usafi. Karibu zote amezipindua humo ndani. Basi mwanamke huyu alikuwa akizunguka katika kundi la watoto, anaweka kidevu begani mwa mmoja baada ya mwingine, na kuwataka wamtajie kitu chochote chini ya jua naye atakitolea funzo. "Kijiko!" alipiga kelele mtoto. Akatoa funzo la kijiko. "Soksi!" Akatoa funzo la soksi, tena kwa uso mkavu kama wa hakimu. "Soksi moja!" Hilo lilimfanya afikiri kidogo, kisha akatoa funzo juu ya upweke. Watoto walikuwa wakigaagaa kwa kicheko. Nasi tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Alituona. Akaja, akatutazama kwa makini kutoka chini hadi juu, akatuuliza kazi yetu. Tulimwambia kuwa sisi ni walimu. Akakunja goti kwa heshima kubwa, akatunyoshea mkono, akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja, "Mwenzangu!"

Watoto walicheka kuliko walivyocheka kwa kijiko na soksi. Sisi kicheko kilitukauka, kwa sababu papo hapo tulimkumbuka msichana mmoja.

Alikuwa mwanafunzi wetu wa kidato cha pili, miaka mingi kabla ya hapo. Tulikuwa tumesoma darasani kisa cha Sungura na Fisi, ambamo Sungura humshawishi Fisi amfunge kamba, kisha mambo yakageuka na Fisi ndiye akafungwa, akapigwa, na Sungura akala chakula cha watu wote akaenda zake. Tukatoa swali letu. Wanafunzi arobaini na kitu waliandika kwamba hadithi inatufunza tusiwe wajinga, au tusiwe walafi, au tushirikiane. Msichana huyo aliandika: "Haitufunzi kitu. Inachekesha tu." Tulimpa sufuri. Hiyo ingetosha. Lakini tulilisoma jibu lake mbele ya darasa, kwa sauti ya kejeli, ili wenzake wamcheke, nao walimcheka. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono. Mwaka ulipokwisha, wakati wa kuchagua masomo, hakuchagua Kiswahili. Wenzetu wa Tanzania huenda wasiuone uzito wa neno hilo, lakini walimu wa Uganda watauona: wakati huo somo letu lilikuwa la hiari katika shule nyingi, tulihesabu wanafunzi kama mkulima ahesabuvyo mbegu katika mwaka wa njaa, na yule alikuwa na sikio zuri la lugha kuliko wote. Tulisema wasichana hawana ustahimilivu.

Zaidi ya hayo, alikuwa amesema kweli. Ukikiuliza kisa kile kwa uaminifu kinatufunza nini, kitajibu kwamba tuibe, tuseme uongo, tukimbie kwa kasi. Bibi aliyetusimulia visa hivyo utotoni, jikoni, kwa Kiganda, ambamo sungura huitwa Wakayima, hakupata kutuuliza swali lolote mwishoni isipokuwa kama tumeshafunga kuku. Swali lilipigwa chapa baadaye, na watu wengine.

Tuliporudi Kampala tuliagiza nakala ya tafsiri ya mwaka 2015, tukawaalika wanafunzi wa kidato cha kwanza wabaki kila Ijumaa baada ya masomo, anayependa. Walikuja tisa, kisha wakawa ishirini na wawili. Tulisoma tu. Mwisho wa siku ya kwanza walikaa kimya, wamefungua madaftari, wanangoja. Mvulana mmoja aliuliza, "Mwalimu, swali liko wapi?" Tukamwambia hakuna. Alitutazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Jambo la kwanza tulilojifunza lilitoka kwa Sungura. Kiswahili humwita sungura huyo mweupe mwenye saa, na humwita sungura vilevile yule wa mwituni anayekunywa chai na wendawazimu, ilhali Waingereza wana majina mawili. Wanafunzi walipolisikia jina tu walichangamka, maana wote walimjua Wakayima, wakangoja aanze kulaghai. Alipomtuma Alisi nyumbani kwake kumletea glavu na kipepeo, akimdhani kuwa mtumishi, walinong'onezana, "Sasa ndiyo anamwibia!" Hakuiba. Aliendelea kuhema na kuogopa kuchelewa na kuwaogopa wakubwa. Hata msichana mmoja akakata shauri: "Mwalimu, huyu ni sungura aliyeajiriwa." Hatujapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, si Oxford, si Kampala.

Tulipofika mahali pa michezo ya maneno tulifunika kitabu, tukawaeleza Kiingereza kinachezaje, tukawaachia wajaribu wenyewe kabla ya kuwafunulia alivyofanya mfasiri. Panya humwambia Alisi kwamba kisa chake ni kirefu, na kwa Kiingereza neno la kisa na neno la mkia husikika sawa, kwa hiyo Alisi humtazama mkia. Walihangaika Ijumaa nzima. Ijumaa ya pili mmoja alisema Panya aseme hivi: "Kisa changu hakina kichwa wala miguu." Alisi amtazame, amwone ana kichwa, amhesabu miguu minne, aseme, "Lakini vyote unavyo, na mkia juu yake." Darasa lilipiga makofi. Tulitaka kulieleza kanuni yake, tukajizuia.

Mahali pengine lugha ilitoa zaidi ya ilivyoombwa. Yupo kaa mzee anayemwonya bintiye, naye binti humwambia mama yake anyamaze. Kiingereza hakina mchezo hapo. Lakini mtoto wa kwanza kufungua kinywa alifasiri, "Kaa kimya, mama!", na kabla hajamaliza wenzake walikuwa wameshaangua kicheko, kwa kuwa kaa anamwambia kaa akae. Malkia wa Kopa naye hakuwa na amani: waliotoka katika nyumba za wafanyabiashara walimfanya malkia wa kukopa na kutolipa, wakasema ndiyo sababu ana hasira na kila mtu. Na yule mtengeneza kofia, ambaye saa yake imekwama saa kumi na mbili jioni, wakati wa chai, alituletea ubishi mkubwa. Mtoto wa nyumba ya Kiislamu alisema saa hiyo ni ya kujiandaa na magharibi, hakuna aliyekaa na kikombe. Mwingine akasema kwao, kwa kuwa chakula cha usiku huliwa saa tatu au saa nne, chai ya saa kumi na mbili ndiyo inayowafikisha. Walibishana kwa Kiswahili, dakika ishirini, bila kuchanganya Kiganda. Walimu wa lugha ya pili wanajua dakika ishirini za namna hiyo zinapatikana mara ngapi kwa mwaka.

Hatutaki msomaji adhani tumelitupa swali la zamani. Mtihani wa taifa ungali ukiliuliza, na mtoto asiyejua kulijibu tunamponza. Siku nyingine zote tunalifundisha. Ijumaa tu hatulifundishi.

Tuna neno moja la pembeni. UNESCO ilipoitangaza, mwaka 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tulifurahi kama kila mwanachama. Siku hiyo haipishani na Siku ya Alisi hata kwa juma moja. Tumekwisha kuhudhuria maadhimisho kadhaa hapa petu: palikuwa na wageni rasmi, mabango, hotuba tatu juu ya umuhimu wa lugha, na chakula kwa walioalikwa. Watoto wa shule walipangwa juani ili waimbe. Hatukumsikia mtu yeyote akiwasimulia hadithi.

Mwaka jana tulikutana na yule msichana. Tulikuwa tunangoja gari katika kituo cha teksi, mvua inatishia, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akatupigia magoti kidogo, kama ada ya Waganda, akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mwalimu." Tuliitikia marahaba. Hatukumtambua mpaka alipojitaja. Alituambia anauza vitambaa, na kwamba Kiswahili kinamfaa sana akienda Nairobi kununua mali. Alijifunza zaidi huko huko, sokoni. Hatukujua tuanzie wapi. Tulimwambia kwamba tunalikumbuka jibu lake la Sungura na Fisi, na kwamba lilikuwa sahihi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nami nalikumbuka, mwalimu," wala hakuongeza neno, nasi hatukuwa na haki ya kumwomba aongeze.

Katika mkoba tulikuwa na kitabu cha Ijumaa, kimeanza kuachana na jalada. Tulimpa. Alikifungua katikati, akaitazama picha moja kwa muda, akamgeuzia mtoto aliyekuwa mgongoni aione. Baadaye akakipekua hadi kurasa za mwisho, kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu anachokijua.

"Hakuna maswali nyuma?" aliuliza.

Tukamwambia hakuna. Akakitia mfukoni mwa nguo ya kumbebea mtoto, mvua isikifikie, akakimbilia gari lake.